Kimya cha maabara si jibu: namna ya kungoja majibu ya kinyama cha ngozi

Sisi watu wa Pwani tumelelewa na methali isemayo kimya kingi kina mshindo mkubwa. Ndiyo maana mtu aliyekatwa kinyama cha ngozi kikapelekwa maabara, akikaa wiki nzima bila ya simu, huanza kuusikia huo mshindo kabla haujalia. Hujiambia: zingekuwa habari njema, wangeshanambia. Mwengine katika hali hiyo hiyo hujiambia kinyume: kungekuwa na baya wangeshanipigia, basi niko salama. Wote wawili hawana jibu. Walicho nacho ni kimya, na kimya cha maabara hakimaanishi heri wala shari.

Naandika haya kwa kuwa mimi mwenyewe nimengoja majibu kama hayo mara mbili, kwa doa lililotokea kwenye unyayo wa mguu wangu wa kushoto. Pia nawajua watu waliokatwa kinyama wasirudi tena kuchukua majibu yao. Kilichowazuia ni hofu, si nauli.

Kwa nini hukatwa kinyama

Watu wengi wakisikia kinyama kimekatwa, neno la kwanza kuwajia ni saratani. Ni kweli kipimo hiki hutumika kutafuta saratani. Kwa sisi weusi, ile aina kali iitwayo melanoma hupenda kutokea nyayoni, viganjani na chini ya kucha, na ndiyo sababu daktari hakulipuuza doa langu. Ndugu zetu wenye ualbino nao wamo hatarini zaidi kwa sababu ya jua.

Lakini kinyama hicho hicho hukatwa ili kutambua fangasi sugu, soriasisi, lupasi, mzio wa dawa, kifua kikuu cha ngozi, au ukoma. Magonjwa haya yaweza kufanana kwa macho, na dawa ya moja haiponyi jengine. Hata ukoma, unaotisha kwa jina, unatibika, na tangu 1995 Shirika la Afya Duniani hutoa dawa zake bure. Kwa hivyo kukatwa kinyama maana yake ni kwamba daktari amekataa kubahatisha. Bado hajakuhukumu.

Safari ya kinyama chako

Kwanza hutiwa katika kichupa chenye formalini ili kisioze. Kisha hukaushwa maji, hugandishwa ndani ya nta, na hukatwa vipande vyembamba mno, kiasi cha kwamba milimita moja yaweza kutoa vipande 250. Vipande hivyo hutiwa rangi ya zambarau na waridi, ndipo mtaalamu wa patholojia avitazame kwa hadubini.

Hospitali nyingi ndogo za Pwani hazina mtaalamu huyo. Kichupa hubidi kisafirishwe Mombasa au Nairobi, kikapange foleni na vyengine. Mara nyingi majibu huchukua wiki moja hadi mbili. Mtaalamu akitaka rangi za ziada, siku huongezeka. Na ikiwa kuna haja ya kuotesha vijidudu vya kifua kikuu, hukua polepole, na majibu yaweza kuchukua wiki 6 hadi 8. Kuchelewa, basi, si dalili ya ubaya wa ugonjwa.

Maswali ya kuuliza kabla hujaondoka

Kwa maoni yangu, dawa kubwa ya wasiwasi huu hupatikana kabla hujatoka hospitalini. Chukua kalamu uandike majibu ya maswali haya:

1. Daktari, unashuku nini, na nini ambacho huna shaka nacho?
2. Kichupa kinapelekwa maabara gani, na nambari yake ni ipi?
3. Majibu yatakuwa tayari tarehe ngapi?
4. Mtanipigia simu, au nije mwenyewe?
5. Tarehe ikipita, nimpigie nani?

Swali la tano ndilo muhimu kuliko yote. Vichupa hupotea, nambari za simu huandikwa kimakosa, na karatasi hukaa kwenye faili bila ya mtu kuambiwa. Tarehe ikipita siku mbili, piga simu. Kuuliza si usumbufu, ni haki yako.

Mara yangu ya kwanza, majibu yalisema kinyama hakikutosha kutoa uamuzi, nikakatwa tena. Hilo hutokea, nalo pia si dalili ya ubaya. Mara ya pili nilikuwa na tarehe na nambari ya simu mfukoni, na ijapokuwa doa lilikuwa lile lile, usingizi ulikuja. Mwishowe liligunduliwa si saratani.

Mtume (SAW) alimfunza bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha ategemee kwa Mola. Kuuliza maswali hayo ndiko kumfunga ngamia. Ukishafanya hivyo, dua na subira hukaa mahali pake.

Kutunza kidonda

Mtu mwenye wasiwasi hukichokora kidonda. Usifanye hivyo. Kiweke kikavu siku ya kwanza, kisha kioshe taratibu kwa maji na sabuni kama ulivyoelekezwa. Usipake dawa ya meno, unga wa kahawa wala mitishamba. Usiogelee baharini mpaka nyuzi zitolewe. Za usoni aghalabu hutolewa baada ya siku 5 hadi 7, na za miguuni siku 10 hadi 14. Kuhusu udhu, muulize ustadhi wako juu ya kupangusa bendeji; dini imeweka wepesi kwa mwenye jeraha.

Wekundu ukienea, usaha ukitoka, homa ikipanda, au damu isipokata hata baada ya kukandamiza kwa dakika 20, rudi hospitalini siku hiyo hiyo. Usingoje majibu.

Usiku na simu

Mchana kazi husaidia. Usiku ndio mtihani. Saa nane za usiku mtu huchukua simu akaanza kulinganisha doa lake na picha za watu asiowajua. Picha hizo huchaguliwa kwa kuwa ni za kutisha, na nyingi ni za ngozi nyeupe isiyofanana na yetu. Simu ilale chumba chengine.

Punguza kahawa chungu baada ya alasiri, na uache miraa na muguka siku hizi za kungoja. Huufanya moyo uende mbio na huufukuza usingizi, nawe utadhani ni ugonjwa. Moyo ukidunda, kaa kitako, vuta pumzi taratibu, kisha itoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, mara kumi. Mwenye nyiradi zake azilete kwa mwendo huo huo.

Mweleze mtu mmoja au wawili wenye siri, usiutangazie mtaa. Mimi nilimwambia dadangu mkubwa peke yake, akanijibu, "Haya, tarehe hiyo twende sote." Basi, hakusema zaidi. Ukiwaambia watu ishirini, utaletewa dawa ishirini na hadithi ishirini za waliokufa.

Lakini ukikosa kula na kulala siku nyingi mfululizo, au ukajiwa na fikra za kutotaka kuishi, huo si wasiwasi wa kawaida wa kungoja. Mwambie aliye karibu nawe leo, na nenda kituo cha afya ukaombe kumwona mshauri nasaha. Nayo ni maradhi kama mengine, na yana tiba.

Siku ya majibu

Nenda na mtu. Karatasi huandikwa kwa Kiingereza cha madaktari, na neno moja lisilofahamika laweza kukuharibia wiki. Hata ukitumiwa kwa WhatsApp, mpe daktari aisome kwanza. Muulize: ugonjwa unaitwaje, umeondolewa wote au umebaki, na hatua ya pili ni ipi, lini. Omba nakala uihifadhi nyumbani pamoja na kitambulisho chako.

Ikiwa una majibu uliyoyaacha hospitalini tangu mwaka jana kwa hofu, hayajachelewa kuchukuliwa. Saratani nyingi za ngozi zikikutwa mapema hutolewa kwa upasuaji na mambo yakaisha. Piga simu kesho asubuhi, taja jina lako na mwezi uliokatwa, na uombe watafute faili lako.