Mrija Uliobaki Bondeni

Tarehe 19 Septemba 1648, Florin Périer alipanda mlima Puy de Dôme, Ufaransa, akiwa na mrija wa zebaki, yaani baromita, wa aina aliyoibuni Evangelista Torricelli miaka michache kabla. Shemeji yake, Blaise Pascal, ndiye aliyemwomba afanye jaribio hilo. Kileleni zebaki ilishuka kwa zaidi ya inchi 3 za Kifaransa za wakati ule, ikathibitika kwamba hewa ina uzito. Wengi husifu kilele. Mimi naona nguvu ya ushahidi ilikuwa bondeni. Périer alianza na mirija miwili, akaihakikisha inalingana, kisha mmoja akauacha chini ya mlima, mjini Clermont, ukiangaliwa na mtawa siku nzima. Wa chini haukusogea. Bila huo, mpinzani angedai kwamba hali ya hewa tu ndiyo iliyobadilika. Tangu hapo thamani ya baromita imetokana na kulinganishwa, na anayeweka kituo cha hali ya hewa nyumbani ni mrithi wa mtawa yule.

Yuko atakayepinga: katika karne ya 19 Admirali Robert FitzRoy alisambaza baromita kwenye vijiji vya wavuvi Uingereza, na mvuvi alitazama tu kama zebaki inapanda au inashuka, namba kamili ya nini? Hoja hiyo ina uzito pale ambapo dhoruba hushusha mgandamizo wa hewa kwa kiasi kikubwa. Lakini FitzRoy huyohuyo, alipoanza kutoa maonyo ya dhoruba mwaka 1861, alitegemea vipimo vya vituo vingi vilivyoletwa kwa telegrafu, na vipimo visivyolingana havichoreki kwenye ramani moja. Huku kwetu karibu na ikweta hoja hiyo hudhoofika zaidi. Mgandamizo hupanda hadi saa nne asubuhi na kushuka hadi saa kumi alasiri, tofauti ya hektopaskali (kipimo cha mgandamizo) 3 hivi, hata siku ya jua kali. Asiyeujua mwendo huo ataiona dhoruba kila alasiri.

Mwinuko nao hudanganya. Karibu na usawa wa bahari, kila mita 8 za kupanda hupunguza takriban hektopaskali 1. Ndiyo maana chombo kilicho sahihi kabisa Nairobi husoma 830 na kitu, ilhali taarifa ya hali ya hewa hutaja zaidi ya 1,000, kwa kuwa imerekebishwa hadi usawa wa bahari. Mwenye kituo aingize kwanza mwinuko wake, kisha alinganishe na kituo rasmi kilicho karibu, saa ileile, siku tulivu, na arudie kwa siku kadhaa. Tofauti isiyobadilika husahihishwa mara moja. Inayoyumba ni dalili ya ubovu. Wapo wasemao vihisi vya kielektroniki vimeondoa haja hiyo. Lakini usomaji wavyo nao husogea polepole kadiri miaka inavyopita, na kihisi kilicho peke yake hakina njia ya kujua kwamba kimesogea. Bado kinahitaji mwenzake wa bondeni.