Mashimo ya Wamatengo na bidoni ya mama

Zamu ya historia wiki hii imeniangukia mimi, na nimechagua maji. Najua wengine mtasema maji yana historia gani, si ni foleni tu pale bombani. Ngojeni kidogo.

Nyumbani kwetu hapa Nakivale tuko watu saba. Kipimo ambacho mashirika hutumia ni lita 20 kwa mtu kwa siku, yaani bidoni moja kila mtu, basi tungepaswa kuwa na bidoni saba. Kuna siku tunazipata. Kuna siku za kiangazi tunarudi na tatu, na mdogo wangu wa kike amekosa somo la kwanza shuleni kwa sababu ya kupanga foleni. Katika hizo tatu mama bado anataka lengalenga zake zinywe. Halafu mwezi wa tatu mvua inashuka kilimani kwa hasira, inapita katikati ya kiwanja chetu, inabeba udongo na mbegu za maharagwe, inakwenda zake chini. Mwaka juzi ilivibwaga vyote mbele ya mlango wa jirani yetu wa chini. Aligombana na mama mpaka wakaacha kusalimiana. Yaani maji yanatukosa halafu yanatuibia, na ni maji yale yale.

Ndipo nilipokutana na habari za Wamatengo, nikazisoma kwenye simu mpaka usiku wa manane.

Wamatengo wanakaa kusini mwa Tanzania, upande wa Mbinga, kwenye milima iliyo juu ya Ziwa Nyasa. Milima yenyewe ina miteremko mikali kabisa, mtu wa tambarare akiitazama anasema hapa hapalimiki. Sasa kwa nini watu walikwenda kulima huko? Kwa sababu walikimbia. Katikati ya karne ya 19 Wangoni waliingia nchi ya Songea wakiwa na nguvu za vita, wakichukua ng'ombe, chakula na watu. Wamatengo wakasongwa kupanda juu, wengine wakajificha kwenye mapango ya huko Litembo. Watu wengi, ardhi kidogo, tena imeinama. Hiyo hali si mnaijua?

Na hao Wangoni nao, msiwahukumu haraka. Mababu zao walitoka mbali sana, Afrika Kusini, walipokimbia vita vya wakati wa Shaka. Walivuka mto Zambezi mwezi wa 11 mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba, siku ambayo jua lilipatwa. Mkimbizi akamkimbiza mwingine, na huyo mwingine akapanda mlimani na jembe lake. Mimi hapo nilisimama kusoma, nikatoka nje kidogo.

Kule juu Wamatengo wakawa na kilimo kinachoitwa ngoro. Wanaume wanafyeka nyasi mvua zikiwa zinaelekea mwisho, wanaziacha zikauke, halafu wanazipanga chini kwa mistari inayokatana, zinakuwa miraba. Kila mraba una kama mita moja na nusu kila upande. Kisha wanawake wanaingia na majembe, wanachimba udongo wa katikati ya mraba na kuufunika juu ya zile nyasi. (Akina dada, najua mnachotaka kusema kuhusu nani anashika jembe hapo. Semeni.) Katikati linabaki shimo, pembeni yanabaki matuta yenye nyasi ndani yake. Maharagwe yanapandwa juu ya matuta mwezi wa tatu hivi, mahindi yanafuata mvua zinaporudi mwishoni mwa mwaka. Ukitazama kutoka mlima wa pili, shamba lote linaonekana kama sega la nyuki.

Ujanja uko hapa. Mvua ikipiga, maji hayapati njia ndefu ya kukimbia. Kila tone linaangukia kwenye shimo lake, linatulia, linazama polepole kuelekea kwenye mizizi. Udongo uliobebwa unaangukia shimoni, hauendi mtoni. Magugu na mabua yanatupwa humo humo yakaoza. Na wakati wa kulima upya, wanahamisha: palipokuwa na shimo panakuja tuta, kwa hiyo ule uozo wote unakuwa mbolea ya mazao yanayofuata. Hakuna saruji, hakuna bomba.

Mwaka 1938 Mwingereza mmoja, A. H. Pike, aliandika juu ya mashimo hayo katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Kwa hiyo wakoloni walikuwa wanajua. Lakini angalieni walichofanya sehemu nyingine ya nchi hiyo hiyo. Kwenye milima ya Uluguru, karibu na Morogoro, miaka ya 1950 waliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi, kwa amri na kwa faini. Mwaka 1955 watu wakachoka, wakakusanyika kupinga, na mtu mmoja akauawa kwa risasi. Mpango ukafa.

Wale wa Kivu mnaosoma hapa hamwezi kushangaa. Babu yangu alikuwa anasimulia mitaro ya wakati wa Mbelgiji, ile ya kuzuia mmomonyoko. Ukikataa kuchimba, unaadhibiwa. Uhuru ulipokuja mwaka 1960, anasema, watu kijijini kwao waliifukia mingine kwa furaha, kama mtu anayevua pingu. Mitaro yenyewe haikuwa mibaya, ilizuia maji kweli. Ila ilinuka kiboko. Ngoro iliachwa kwa wenyewe, na mpaka leo kuna Wamatengo wanaoilima.

Basi mimi na wenzangu wawili wa kikundi tukasema tujaribu kwenye kiwanja cha mama. Mama alipoona shimo la kwanza akasema: "Weye mutoto, unatuchimbia makaburi hapa?" Tukaendelea. Nyasi hakuna, zote zimekwenda kwenye mapaa na kwa mbuzi, tukatumia mabua ya mahindi na maganda ya maharagwe. Kiwanja ni kidogo, kwa hiyo tulifanya miraba ya hatua moja tu kila upande, kumi na sita kwa jumla, ikifuata mteremko.

Kosa letu lilikuwa shimo la juu kabisa. Tulilichimba karibu mno na nyumba, maji yakakaa, tofali za udongo zikaanza kulainika chini. Ilibidi tulifukie usiku kwa tochi huku mama akituhesabia. Kwa hiyo wewe ukitaka kujaribu, kaa mbali na ukuta. Na shimo likibaki na maji siku kadhaa bila kuzama, litupie mabua au lipasue upande mmoja, la sivyo unafuga mbu.

Mvua ile ya mwezi wa tatu ilipokuja tulisimama mlangoni kuangalia. Mashimo yalijaa, mawili ya chini yakamwagika, mengine yakashika. Siku nne baadaye ukichokonoa tuta kwa kidole unakuta unyevu, wakati njia ya pembeni ilikuwa vumbi tayari. Kiangazi hakikuondoka kwa sababu hiyo, nisidanganye. Lakini maji ya kuoshea mboga na ya kusuuzia vyombo tunayamwaga shimoni, hayatawanyiki tena uani. Yenye sabuni nyingi yanakwenda kwenye mgomba. Lengalenga za mama zilizokuwa zinakunywa bidoni nzima jioni sasa zinakunywa nusu. Nusu iliyobaki ni ya mdogo wangu kuoga asubuhi, na siku hizi anatoka mapema.

Jirani wa chini hakuongea na sisi mpaka mvua ya pili. Siku hiyo udongo haukufika kwake. Alikuja jioni na bakuli la sombe, akakaa, akauliza yale mashimo yana jina gani. Mama akamjibu, "Ngoro. Ya wakimbizi wa Tanzania," na mimi nikaacha tu, sikumrekebisha.

Jumamosi tunachimba kwake. Anayejua bibi au babu yake alikuwa anashikaje maji ya mvua kule nyumbani, Fizi, Uvira, Cibitoke, popote, aandike hapa chini kabla hajasahau. Zamu ya wiki ijayo bado haina mtu.