Kadari Baada ya Kenneth

Tarehe 25 Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilitua kaskazini ya mji wa Pemba, Msumbiji, kwa upepo uliokaribia kilomita 220 kwa saa, kikabomoa sehemu kubwa ya kisiwa cha Ibo. Mwaka mmoja na nusu kabla yake, 5 Oktoba 2017, watu wenye silaha waliuvamia mji wa Mocímboa da Praia katika pwani hiyo hiyo, na vita vikaanza. Misiba hiyo miwili tumezoea kuipa jibu moja: Mungu kapanga. Nilipokuwa chuoni nililikubali jibu hilo lote. Leo nalikubali kwa sharti.

Sharti hilo lilianzia katika somo la falsafa, kwa Kireno. Lisbon, mji uliotutawala, uliangushwa na tetemeko 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, waumini wakiwa makanisani. Mwaka uliofuata Voltaire alichapisha shairi dhidi ya waliodai kuwa ulimwengu huu hauna kasoro. Rousseau akamjibu kwa barua: si maumbile yaliyorundika pamoja maelfu ya nyumba za ghorofa sita au saba. Nikiiwazia Ibo, Rousseau ndiye anayenigusa. Upepo haukuamua nani alale ndani ya kuta za udongo na nani ndani ya zege. Umaskini ulikwisha kuamua.

Wamakonde wa nyanda za Mueda wana njia nyingine ya kuueleza msiba. Mwanaanthropolojia Harry West, katika kitabu chake Kupilikula cha mwaka 2005, anaeleza fikra yao ya uwavi, yaani uchawi, kwamba nyuma ya msiba huenda yupo mtu. Naliheshimu swali la "nani?", kwa kuwa halikubali kifo kipite bila wa kukijibia. Lakini likimwangukia bibi kizee wa jirani bila ushahidi, ni dhuluma, na hapo siwafuati.

Ndipo nikamrudia mwanatheolojia wa Kiislamu Al-Ash'ari, aliyefariki mwaka 936, ambaye Mashafii wengi wa pwani wamerithi itikadi yake. Naye alikuwa mwanafunzi aliyebadili msimamo. Alisomeshwa na Muutazila, waliofundisha kuwa mja ndiye mwenye kuviumba vitendo vyake, kisha akaachana nao ukubwani. Wala hakwenda kwa Jabriya, waliomfanya mja unyoya mbele ya upepo. Alisema Mungu huumba kitendo, mja hukichuma, ndiyo kasbu. Mwanafalsafa Ibn Rushd aliona kuwa njia hiyo ya kati haisimami: ikiwa uwezo na kitendo vyote vimeumbwa na Mungu, mja amebaki na nini? Pingamizi hilo ni zito, na sijapata jibu lake kamili. Hata hivyo naishika kasbu, kwa sababu haimwachii muuaji pa kujificha. Aliyechoma nyumba za watu Mocímboa amekichuma kitendo chake, na tukisema "Mungu kapanga" tukanyamaza, tunambebea mzigo wake.

Kimbunga hakina mchumaji. Nyumba dhaifu zinao, tena wengi, na hapo Al-Ash'ari hanifikishi mbali: yeye anamhesabu mja mmoja kwa kitendo kimoja, ilhali umaskini wa Ibo ni kazi ya mikono mingi kwa vizazi. Kwa hilo namhitaji tena Rousseau.