Pissarro: muzee aliyechora barabara ya Paris toka dirisha la oteli

Camille Pissarro ni mumoja wa wachoraji wakubwa wa kikundi cha Waimpresionisti, kule Ufaransa. Alizaliwa mwaka wa 1830 kwenye kisiwa cha Saint Thomas, bahari ya Karibi, na akakufa Paris mwaka wa 1903. Wengi wanamujua juu ya mashamba na vijiji alivyochora. Lakini katika uzee wake alichora sana barabara za muji.

Vita ilimuharibia kazi

Mwaka wa 1870, vita ilitokea kati ya Ufaransa na Prusia. Pissarro alikimbia na familia yake, wakafika London. Tablo zake zilibaki kwenye nyumba, Louveciennes, na waaskari wa Prusia wakaingia mule, wakakaa. Wakati alirudia mwaka wa 1871, alikuta karibu zote zimeharibika. Ilibidi aanze upya.

Macho yanauma, dirisha linasaidia

Waimpresionisti walipenda kuchora inje, mbele ya kitu chenyewe. Lakini alipozeeka, Pissarro alikuwa na ugonjwa wa jicho, kwenye mufereji wa machozi. Upepo na vumbi vilikuwa vinauzidisha. Basi akawa anakodi chumba cha juu kwenye oteli, anachora akiwa kwenye dirisha.

Februari 1897 aliingia Grand Hôtel de Russie, mahali unaona Boulevard Montmartre mpaka mwisho. Mule akachora tablo 14 za barabara ile ile moja: asubuhi, mangaribi, siku ya mawingu, sikukuu ya Mardi Gras, hata usiku.

Anafanya namna gani?

Kwanza, mistari ya nyumba na miti inaenda kukutana kule mbali. Ndiyo inafanya barabara ionekane ndefu. Watu na magari ya farasi ni vidoti vya burashi tu. Ukikaribia, unaona rangi peke yake. Ukirudi nyuma hatua chache, unaona mutu anatembea.

Kivuli nacho si lazima kiwe cheusi: kinaweza kuwa na bluu na zambarau ndani. Rangi ya mafuta haikauke mbio, kwa hiyo muchoraji anaweza kuweka rangi mupya juu ya ingine ingali mbichi, zikachanganyika palepale. Na kwa sababu mwangaza unabadilika saa kwa saa, Pissarro alikuwa na tablo nyingi zinaendelea pamoja.

Kwa ile ya usiku, taa za umeme za katikati ya barabara ni nyeupe, za maduka ni manjano. Hakuiweka sahihi wala hakuionyesha watu maisha yake yote. Leo iko National Gallery, London.

Tablo iliyorudishiwa wenyewe

Ile ya asubuhi ya majira ya kuchipua ilikuwa ya Max Silberberg, Muyahudi wa muji wa Breslau. Wanazi walimulazimisha kuuza mali yake, kisha yeye na bibi yake wakauawa. Familia ilirudishiwa haki juu ya tablo mwaka wa 2000. Februari 2014 iliuzwa London, kwa Sotheby's, karibu pauni milioni 19,7.