Nyaraka za Akina Sykes na Mwanzo wa Siasa Dar es Salaam

Kitabu cha Historia ya Chama cha TANU 1954 hadi 1977, kilichotolewa na Chuo cha Kivukoni mwaka 1981, kinatangaza msimamo wake kabla hakijafunguliwa: historia inaanza 1954. Robo karne ya African Association, iliyoasisiwa Dar es Salaam mwaka 1929, inabaki kuwa utangulizi, ingawa TANU yenyewe ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 ndani ya nyumba ya chama hichohicho pale New Street, leo Mtaa wa Lumumba. Mohamed Said, mwanahistoria wa mji huo, amekisahihisha kitabu hicho kwa miaka mingi, na tegemeo lake kubwa ni nyaraka zilizotunzwa na ukoo wa Sykes. Wengi wameugeuza ubishi huo kuwa shauri la nani apewe sifa ya kuleta uhuru. Nadhani wameshika tawi wakaacha shina. Uzito wa nyaraka hizi ni kwamba zinatuonesha jambo ambalo majalada ya serikali, kwa jinsi yalivyofunguliwa, yasingeweza kuliona.

Mfano wa wazi ni mswada wa Kleist Sykes (1894–1949). Baba yake alikuwa askari wa Kizulu aliyeletwa na Wajerumani kutoka Msumbiji kupigana na Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani. Mwenyewe Kleist akapigana Vita Kuu ya Kwanza upande wa Wajerumani, chini ya jenerali wao von Lettow-Vorbeck, kisha akaajiriwa Reli, na African Association ilipoundwa akawa katibu wake wa kwanza. Kabla ya kufariki aliandika habari za maisha yake. Mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, ndiye aliyezitumia kuandika sura moja ya kitabu Modern Tanzanians, kilichohaririwa na John Iliffe na kuchapishwa 1973. Kwa maelezo ya Kleist, wazo la chama lilitokana na mazungumzo yake na Dk. Aggrey, msomi wa Gold Coast, aliyepita Dar es Salaam mwaka 1924. Tofauti ya miaka mitano si ndogo. Afisa wa kikoloni alimfungulia Mwafrika jalada alipoleta ombi, alipolalamika au alipotiliwa shaka. Watu wakiketi barazani wakipima iwapo chama kinawezekana, hakuna karani aliyekuwapo. Kwa hiyo ukisoma majalada peke yake utadhani watu wa mji waliamka siku moja wakiwa na katiba mkononi.

Atatokea wa kuuliza: je, mzee anayeandika akijua chama kimeshakua hatajiweka karibu na chimbuko lake? Huenda. Safari ya Aggrey haina utata, kwa kuwa alikuja na Tume ya Phelps-Stokes iliyochunguza elimu Afrika Mashariki na kuacha taarifa yake. Mazungumzo yenyewe yana shahidi mmoja tu, naye ni mwenye kusimulia. Mwandishi makini ataandika "Kleist anasema" na hatalifuta neno "anasema" ukurasa unaofuata. Lakini kipimo hicho kiwe kimoja kwa wote. Bwana shauri aliyeripoti kwa gavana kwamba wilaya yake ni shwari naye alikuwa na kazi ya kulinda.

Shaka ya pili inamhusu Mohamed Said mwenyewe. Kitabu chake cha mwaka 1998 juu ya Abdulwahid Sykes, mwana wa Kleist, kinasema tangu kwenye jina kwamba kinasimulia mapambano ya Waislamu dhidi ya ukoloni. Upande uliotajwa waziwazi haunitishi, unaweza kuukagua. Kinachonipa tabu ni kwamba ukikaa Kariakoo ya Dar es Salaam mno utaiona nchi nzima kama vitongoji vya Kariakoo. Saadani Abdu Kandoro, aliyefanya siasa za TAA (jina la baadaye la African Association) huko Mwanza na kuwa miongoni mwa waasisi wa TANU, alichapisha Mwito wa Uhuru mwaka 1961, na humo harakati zinaonekana kutoka upande wa Ziwa. Ukiviweka vitabu hivyo viwili pamoja, hakuna kinachomfanya mwenzake mwongo. Kinachoanguka ni dhana kwamba chama kilikuwa na chimbuko moja.

Pingamizi ninalolikubali ni la wanaosema kwamba waraka uliofungiwa nyumbani hauhakikishiki. Tanbihi ikisema tu "Nyaraka za Sykes", msomaji ataenda kubisha hodi kwa nani? Hapa heshima kwa ukoo haitoshi. Si lazima familia inyang'anywe urithi wake: nakala zinaweza kupigwa na kuwekwa Nyaraka za Taifa, asili ikabaki kwa wenyewe, pamoja na orodha inayoonesha kila karatasi ilikuwa kwenye bahasha ipi na karibu na ipi. Wenye haraka hupanga upya kwa tarehe na kutupa bahasha. Barua ya chama iliyohifadhiwa pamoja na stakabadhi za biashara inatueleza kwamba siasa na biashara zilikaa meza moja. Ukishaitenganisha na stakabadhi zake, hakuna tarehe itakayokurudishia habari hiyo.