Waarabu walimjua Allah kabla ya Uislamu

Leo naomba tuweke siasa pembeni, tuzungumze historia.

Kuna kauli moja naisikia sana, vijiweni na hata kwenye chumba cha habari: eti kabla ya Uislamu Waarabu walikuwa wanaabudu mawe tu, hawajui kama kuna Mungu. Kipindi hicho kinaitwa Jahilia, neno ndugu na "jahili" na "ujahili" wa Kiswahili chetu. Labda ndiyo maana tunadhani ulikuwa ujinga mtupu. Sikubaliani na kauli hiyo, na nitaeleza kwa nini.

Anza na jina tu. Mtume Muhammad alizaliwa Makka mnamo mwaka 570 hivi, na masimulizi yanasema baba yake alifariki kabla yeye hajazaliwa. Baba huyo aliitwa nani? Abdullah, yaani mtumwa wa Allah. Wahyi wa kwanza ulishuka mwaka 610. Sasa jiulize, jina lile lilitoka wapi? Hata Kurani inasema wapinzani wa Mtume, wakiulizwa nani kaumba mbingu na ardhi, walijibu kuwa ni Allah.

Kwa hiyo Mungu walimjua. Ila walimwona yuko mbali, wakaweka watu wa kati. Lata alikuwa na hekalu lake Taif, Uzza alikuwa Nakhla, na Manata alikuwa kwenye njia ya kati ya Makka na Yathrib. Hawa watatu waliitwa mabinti wa Allah. Ndani ya Kaaba alikuwepo Hubal, ambaye mbele yake watu walipiga ramli kwa mishale. Masimulizi ya Kiislamu yanataja masanamu 360 pale. Ni mambo tunayoyajua vizuri: ukitaka shida yako imfikie mkubwa, unatafuta mtu wa kukuombea.

Imani ya Mungu mmoja nayo haikuwa ngeni Arabuni. Yathrib, ambayo leo ni Madina, ilikuwa na makabila ya Kiyahudi. Najran ilikuwa na Wakristo. Yemen, kuanzia mwaka 380 hivi, maandishi ya wafalme wa Himyar yaliyochongwa kwenye mawe yanaacha kutaja miungu mingi na kumtaja mmoja tu, ambaye baadaye anaitwa Rahmanan. Na Makka kwenyewe walikuwepo watu wachache walioitwa hanifu, kama Zayd bin Amr, waliokataa masanamu na kusema wanafuata dini ya Ibrahimu.

Basi ugomvi ulikuwa wa nini?

Kwanza, watu wa kati walikuwa na faida. Makureshi walikuwa wafanyabiashara na walinzi wa Kaaba. Mahujaji walikuja katika miezi mitakatifu, wakati vita vimekatazwa, na masoko kama Ukaz yakajaa. Kugusa masanamu kulikuwa kugusa heshima na mfuko.

Pili, na hili naona ndilo kubwa zaidi, ni kufufuliwa. Wengi wao waliamini kinachommaliza mtu ni "dahr", wakati tu, neno lilelile tunalosema dahari. Ukifa umekwisha. Mtume akaja na habari ya siku ya hesabu, na sura za mwanzo zinauliza umemfanyia nini yatima, umemlisha maskini, na mtoto wa kike aliyezikwa hai aliuawa kwa kosa gani. Kumbuka anayesema hivi ni yatima mwenyewe.

Tatu, ukoo. Pale ulinzi wako ulikuwa ukoo wako. Asiye na ukoo wenye nguvu aliteswa, kama Bilal, mtumwa mwenye asili ya Uhabeshi, mpaka Abu Bakr alipomnunua na kumwacha huru. Mwaka 615 hivi baadhi ya Waislamu walivuka bahari kukimbilia Uhabeshi kwa mfalme Mkristo. Mwaka 622 ikaja hijra ya Yathrib, na hapo watu wakaanza kufungwa pamoja na imani, siyo damu peke yake.

Mtume aliporudi Makka mwaka 630 masanamu yalivunjwa. Lakini Kaaba ilibaki, hija ikabaki, kuizunguka Kaaba kukabaki, na jina la Allah likabaki. Waliondolewa watu wa kati.

Ndiyo maana nasema neno Jahilia lisitudanganye. Matajiri wa Makka hawakukasirika kwa kuambiwa Mungu yupo, hilo walilijua. Walikasirika kuambiwa kwamba atawauliza, kila mtu peke yake, bila wa kumsemea. Je, sisi leo, wa dini yoyote ile, swali hilo tunalipenda zaidi kuliko wao?

Karibuni tujadili.