Kilwa na Msongamano wa Morisi

Kisiwa cha Morisi hakikuwa na wenyeji wa asili. Waholanzi walikaa wakakiacha mwaka 1710. Wafaransa wakakitwaa mwaka 1715 na kukiita Île de France. Mwaka 1767 kilikuwa na watu karibu 19,000. Kufikia 1807 walikaribia 78,000, na zaidi ya 65,000 kati yao walikuwa watumwa.

Takwimu hizo zisimhadae msomaji. Hawa hawakuzaliana mpaka wakajaa. Wanaume walikuwa wengi kuliko wanawake, kazi ya mashamba na bandari iliua, na waliokufa walizidi waliozaliwa. Pengo lilizibwa na merikebu zilizotoka Bukini, Msumbiji na pwani yetu. Kwa hiyo waliotekwa walikuwa wengi kuliko walioandikwa kwenye daftari la wakazi: wapo waliofia njiani kutoka bara, na wapo waliofia baharini.

Septemba 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice, aliyewahi kuwa tabibu wa merikebuni, alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa. Sultani angempatia watumwa 1,000 kila mwaka, kila mmoja kwa piastre 20 za fedha, na juu yake piastre 2 za Sultani mwenyewe. Tukisimulia habari hii huwa tunamlaani Mfaransa peke yake, ilhali mhuri wa Kilwa nao ulikuwepo. Biashara ilinoga kiasi cha kuwatamanisha Waomani, nao katikati ya miaka ya 1780 wakaiweka Kilwa chini ya mamlaka yao.

Paris ilifuta utumwa mwaka 1794. Wajumbe wawili, Baco na Burnel, walipofika mwaka 1796 kutekeleza amri hiyo, walowezi waliwarudisha merikebuni. Biashara ikaendelea, na hata Waingereza walipokiteka kisiwa mwaka 1810, watumwa waliendelea kuingizwa kwa magendo.

Uhuru ulitangazwa tarehe 1 Februari 1835. Fidia, pauni zipatazo milioni 2, walilipwa wenye watumwa. Walioachiwa huru walilazimishwa kuwatumikia mabwana walewale hadi 1839, kwa jina la uanagenzi, kisha wengi wakayakimbia mashamba ya miwa. Wenye mashamba hawakuwasubiri: tangu 1834 walikuwa wakileta vibarua wa mkataba kutoka India, na sensa ya 1861 iliwakuta Wahindi wakiwa zaidi ya nusu ya wakazi wote.